Mtoto Ale Nini Kati ya Mlo na Mlo?

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi huliona dogo: kile anachotafuna mtoto saa nne asubuhi na saa kumi jioni, baada ya uji na kabla ya ugali. Wataalamu wa lishe hukiita asusa. Nyumbani tunasema tu "kitu cha kumtuliza", na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu kitu hicho mara nyingi huwa pipi, soda, au kile kipakiti cha krispi chenye rangi kali.

Kliniki tunakutana na mama ambaye kadi ya mwanawe inaonyesha mstari umelala, haupandi. Tukimwuliza mtoto anakula nini, anajibu: "Nesi, huyu hapendi chakula." Tukizidi kuuliza, tunaambiwa kwamba kabla ya mlo wa mchana alikuwa amekunywa juisi ya pakiti na kula biskuti alizonunuliwa na shangazi. Mtoto huyo hachukii chakula. Ameshiba sukari.

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake hubeba kama mililita 240 tu, yaani kikombe kimoja cha chai, lakini mwili wake unakua haraka na unadai chakula kingi. Hawezi kupata haja yake yote kwa milo miwili kama mtu mzima. Akishatimiza miezi 6 huanza chakula mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, pamoja na asusa mara 1 au 2. Kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi. Asusa itolewe mapema, kama saa mbili hivi kabla ya mlo, ili njaa irudi.

Sasa tumpe nini? Vingi mnavyo tayari. Ndizi mbivu, papai, embe, parachichi lililopondwa, kipande cha boga, yai la kuchemsha, kikombe cha mtindi wa maziwa yaliyochemshwa. Sisi tunavisifu sana viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi, ambayo hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Vichemshe, viponde, weka kijiko kidogo cha mafuta au karanga zilizosagwa; mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Wenye bustani nyuma ya nyumba hawana sababu ya kwenda dukani. Tunashangaa tunapomwona mtu akiuza mayai yote ya kuku wake ili anunue biskuti.

Karanga ni chakula bora, lakini zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo huipata. Chagueni moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Kukaanga hakuiondoi sumu yote.

Pili ni kupaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, bisi, pipi ngumu wala zabibu nzima. Karanga zisagwe. Naye ale ameketi, si huku akikimbia na kucheka. Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, fanyeni haraka, na mwenzenu atafute msaada. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara 5, kisha urudie. Aliyezidi mwaka mmoja apigwe mgongoni vivyo hivyo mara 5, kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Msimtie kidole kooni kwa kubahatisha. Mtakisukuma ndani zaidi.

Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Chai ya rangi pia tuiache, maana huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na watoto wenye upungufu wa damu tunao wengi. Akiwa na kiu apewe maji safi yaliyochemshwa.

Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto. Asusa iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili, hasa wakati wa joto.

Mtoto aliyetoka kuugua aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2. Mstari wa kadi ukilala miezi miwili mfululizo, mleteni kliniki bila kungoja tarehe. Na mkiona miguu yote miwili imevimba, ukiibonyeza kidimbwi kinabaki, mleteni siku hiyo hiyo.