Mali ya Halali na Mifuko ya Hisa: Tuchague Vipi?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Mara nyingi katika darasa zetu tumeulizwa suala hili: Mwislamu amejaaliwa kuweka akiba kidogo; kuiweka benki yenye riba hataki, nyumba ya kupangisha hawezi kuinunua, na biashara ya duka haijui. Vijana wake wamwambia anunue kwa simu mifuko ya hisa ambayo kwa herufi za mkato huitwa ETF. Je, yafaa? Na ikiwa yafaa, katika mifuko hiyo mingi achague upi?

Twajibu kwa kadiri ya tulivyosoma, na twaomba ndugu zetu wasome mpaka mwisho. Jambo lenye kuwadhuru watu zaidi katika mas-ala haya ndilo aghalabu lisilotajwa na wauzaji, nalo ni hali ya mali hiyo siku mwenyewe atakapokufa.

Mfuko huu ni kitu gani?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa moja ni mshirika: kampuni ikipata, hupata, ikikhasiri, hukhasiri. Mfuko wa hisa ni chombo kilichonunua hisa za kampuni nyingi, kisha kikajigawa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikawa na sehemu ya zote. Na ETF ni mfuko ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa siku za kazi, kupitia kwa dalali aliyeruhusiwa, kama inunuliwavyo hisa ya kampuni moja. Mingi katika mifuko hii haina bwana anayekisia kampuni gani itapanda; hufuata tu orodha iliyotangazwa. Mfuko wa kwanza wa namna hii katika Marekani ulianza mwaka 1993. Hapa kwetu, soko la Nairobi lilipokea mfuko wake wa kwanza mwaka 1997 na miaka 20 juu, yaani 2017, nao ulikuwa mfuko wa dhahabu.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ushirika wa mtaji haukuletwa na Wazungu. Mudharaba na musharaka zimeandikwa katika vitabu vyetu vya fiqhi karne nyingi kabla ya soko la London, na wazee wetu wa Mombasa na Lamu walishirikiana katika shehena za majahazi. Kilicho kipya ni chombo, si asili ya muamala. Na chombo kipya hakiwi halali kwa upya wake, wala hakiwi haramu kwa upya wake, hupimwa.

Mas-ala ya kwanza: Uhalali

Aya ya 275 ya Suratul-Baqara yajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni. Ndani yake biashara imetengwa na riba. Basi mfuko wenye hisa za benki za riba, viwanda vya pombe, nyumba za kamari au biashara ya nguruwe hauna mjadala. Ugumu uko katika kampuni ambayo kazi yake ni halali, kama vile kutengeneza dawa au mitambo, lakini imekopa kwa riba au imeweka fedha zake benki zikaleta riba kidogo.

Hapa wanazuoni wamekhitilafiana, na ni haki msomaji aijue khitilafu hiyo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jiddah mwaka 1992, lilisema kwamba asili ya kushiriki katika kampuni kama hiyo ni haramu. Wengine wameruhusu kwa masharti, kwa kuona kwamba kampuni isiyogusa riba kabisa ni taabu kuipata katika masoko ya leo. Masharti yajulikanayo zaidi ni yale ya AAOIFI, taasisi ya Bahrain, katika kanuni yake ya 21: madeni ya riba yasizidi 30% ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba zisizidi 30%, na pato lisilo halali lisizidi 5% ya mapato yote. Orodha nyingine hutumia theluthi moja mahali pa 30%, na nyingine hupima kwa jumla ya mali ya kampuni badala ya thamani yake sokoni. Kwa hivyo kampuni moja yaweza kukubaliwa na orodha hii ikakataliwa na ile.

Sisi twasema: anayetaka kujiepusha na shubha aziache hisa hizi, na Mwenyezi Mungu atamfungulia mlango mwingine. Na anayeifuata kauli ya ruhusa aifuate pamoja na masharti yake, wala asichukue ruhusa akaacha masharti. Asitosheke na neno "Islamic" lililoandikwa juu ya karatasi. Aulize: Ni nani wanazuoni walioukagua? Wanatumia kipimo gani? Je, mfuko wamiliki hisa zenyewe, au umefunga mikataba tu ya kubahatisha bei? Je, wakopa ili kuzidisha faida? Mfuko wa mikataba na mfuko wa kukopa Mwislamu hana haja nao. Ama mfuko wa dhahabu una sharti zaidi, kwa kuwa dhahabu ni katika mali za riba: lazima iwepo dhahabu yenyewe ghalani, na makabidhiano yasicheleweshwe. Asinunue kabla ya kumuuliza mwanachuoni ajuaye yote mawili, fiqhi na soko.

Mas-ala ya pili: Kutawanya mali

Nabii Yaaqub, amani imshukie, aliwausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja bali kwa milango mbalimbali, kisha akasema kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Hatudai kwamba kisa hicho kilikuja kwa ajili ya hisa. Twachukua adabu yake tu: kushika sababu pamoja na kutawakali. Mfanyi biashara wa kale hakutia shehena yake yote katika jahazi moja, na hakuwa amekosa imani.

Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia soko la Nairobi mwaka 2001, ikapendwa na wengi. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Aliyekuwa na akiba yake yote humo alibaki na karatasi. Aliyekuwa na sehemu moja katika hamsini alikhasiri, lakini alilala.

Lakini wingi wa majina si kutawanya. Mfuko unaofuata hisa za Kiislamu za Marekani peke yake una kampuni nyingi, na zote ni za nchi moja na sarafu moja. Zaidi ya hayo, zikisha kutolewa benki na bima, sehemu kubwa ya kilichobaki huwa ni kampuni za kompyuta na ufundi wake. Mwenye kununua mifuko mitatu ya namna hii amenunua kitu kimoja mara tatu. Kwa hivyo autazame mfuko wa dunia nzima kwanza, kisha aongeze, akitaka, wa nchi zinazoinukia. Na sehemu ya mali yake ibaki katika vitu visivyokuwa hisa, kama nyumba au sukuk. Mwaka 2023 Kenya ilipata sukuk yake ya Linzi, ya shilingi bilioni 3, kwa ajili ya kujenga nyumba.

Na ajue kwamba hisa hushuka. Bei za kampuni 500 kubwa za Marekani zilishuka zaidi ya 38% mwaka 2008, na zaidi ya 19% mwaka 2022. Fedha za karo ya mwakani, au za Hija iliyokaribia, haziwekwi huku. Huwekwa zile ambazo mtu hazihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Na anayemuahidi mtu faida maalumu kila mwezi haahidi biashara. Ama ni riba, ama ni wizi.

Mas-ala ya tatu: Gharama

Kila mfuko hukata ujira wake kila mwaka, faida iwepo isiwepo. Mfuko wa iShares MSCI World Islamic, ulioandikishwa Ireland, hukata 0.30%. Mifuko miwili ya Marekani ijulikanayo kwa SPUS na HLAL, iliyoanzishwa mwaka 2019, hukata 0.45% na 0.50%. Iko mifuko ya aina nyingine ambayo hukata 2%.

Mtu aweza kusema, tofauti hii ni ndogo. Natuhesabu. Tuchukue shilingi 1,000,000, na tukadirie, kwa mfano tu, kwamba zakua kwa 7% kila mwaka kabla ya ujira. Kwa ujira wa 0.30%, baada ya miaka 20 zitakuwa kama 3,658,000. Kwa ujira wa 2%, zitakuwa kama 2,653,000. Tofauti ni shilingi milioni moja, sawa na mtaji wote alioanza nao, na hakuna aliyemuibia. Alitia sahihi mwenyewe. Pia kuna ujira wa dalali na wa kubadili shilingi kuwa dola. Kwa hivyo ni kheri kununua mara chache kwa kiasi cha maana kuliko kununua kila wiki kidogo kidogo.

Mas-ala ya nne: Kodi na mirathi

Hapa ndipo tulipoahidi kufika. Kulipa kodi iliyo juu yako ni lazima. Kuchagua njia ambayo sharia ya nchi imeitoza kidogo si udanganyifu.

Nyumbani, mkaazi wa Kenya hukatwa 5% ya gawio la hisa za kampuni za hapa, na faida ya kuuza hisa zilizoandikishwa katika soko la Nairobi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo tangu mwaka 2023 ni 15% kwa mali nyingine.

Ng'ambo, swali kubwa ni hili: mfuko umeandikishwa nchi gani? Kenya haina mapatano ya kodi na Marekani. Kwa hivyo Mkenya aliyenunua mfuko wa Marekani hukatwa na serikali ya huko 30% ya kila gawio. Mfuko ulioandikishwa Ireland wenye hisa zile zile hukatwa 15% kwa sababu Ireland ina mapatano, na Ireland yenyewe haimtozi mgeni asiyekaa huko. Katika kila dola 100 za gawio la kampuni za Marekani, mmoja hubakiwa na 70, mwingine 85.

Na lililo zito zaidi ni kodi ya mauti. Mgeni asiye mkaazi wa Marekani akifa na mali huko, zikiwamo hisa za mifuko ya huko, husamehewa dola 60,000 za mwanzo tu. Zilizobaki hutozwa kodi ambayo kiwango chake cha juu ni 40%. Aliyeacha dola 200,000 katika mfuko wa Marekani, kodi yake kwa hesabu ya sasa ni kama dola 41,800. Zatoka kabla mjane hajapata thumuni yake, na kabla mayatima hawajapata haki zao zilizotajwa katika Suratun-Nisaa. Mfuko wa Ireland, japokuwa ndani yake mna hisa za kampuni za Marekani, hauhesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani, na Ireland haitozi kodi ya urithi juu ya mfuko huo ikiwa aliyekufa na warithi wake wote si wakaazi wa huko.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia Saad bin Abi Waqqas kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, ili warithi wake wasije wakanyosha mikono kwa watu. Basi itakuwaje kwa mtu anayejinyima maisha yake yote, kisha akaipa serikali ya mbali fungu la wanawe kwa kutosoma ukurasa mmoja?

Na jambo jingine: mali iliyo ndani ya simu haionekani kama nyumba au shamba. Kadhi hagawi asichokijua. Mwenye mifuko hii na aandike jina la dalali, namba ya hesabu yake na mahali pa karatasi zake, amwachie mtu muaminifu, na amjulishe mkewe. Akiba iliyofichwa hata na warithi si akiba.

Mas-ala ya tano: Kusafisha na Zaka

Aliyefuata kauli ya ruhusa hana budi kuitoa ile sehemu ya gawio iliyotokana na pato lisilo halali. Baadhi ya mifuko hutangaza kiasi chake. Fedha hizo huwapa mafakiri au huzitia katika maslaha ya umma, wala hahesabu kuwa ni sadaka yake wala Zaka yake. Katika mifuko isiyogawa gawio bali hulirudisha ndani, wajibu hauondoki. Aulize kiasi na atoe.

Ama Zaka: anayenunua ili auze hutoa 2.5% ya thamani yote kila mwaka wa Kiislamu unapotimia. Anayeweka kwa muda mrefu, wako wanazuoni wasemao atoe kwa sehemu ya mali ya kampuni iliyo ya Zaka tu. Asiyeweza hesabu hiyo, kutoa juu ya thamani yote ndiyo salama: katika 800,000, ni 20,000.

Kwa ufupi, ndugu zetu, mfuko upitishwe katika milango mitano kwa utaratibu huu: uhalali wake, upana wake, ujira wake, nchi ulikoandikishwa, kisha haki za mafakiri na warithi. Usioupita mlango wa kwanza, faida yake haina haja ya kutazamwa. Na asiye na madeni yaliyoiva, wala nafaka ya nyumbani haikumpungukia, ndiye wa kuanza. Mwenye deni alipe deni kwanza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, atubarikie katika kidogo, na asiijaalie mali kuwa hoja juu yetu. Wabillahi t-tawfiq.