Maji Yakishafika Nyumbani

Maji ya Goma husafiri sana kabla ya kufika mdomoni. Huchotwa Ziwa Kivu pale Kituku, au kwenye bomba la Regideso, shirika la maji, hupandishwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, au mgongoni ndani ya bidoni la lita 20, kisha hukaa nyumbani siku nzima, pengine mbili. Wengi wetu tunaangalia mwanzo tu: yametiwa kloru, basi tumesalimika. Kumbe maji salama huweza kuchafuka yakiwa tayari ndani ya nyumba.

Mji huu unajua bei ya maji machafu. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapa, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme na maji vikakatika, na watu wakalazimika kunywa maji ya ziwa hivi hivi.

Tumejenga juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Kuchimba choo ni kuvunja mwamba, kwa hiyo vyoo vingi havina kina na hujaa mapema. Mvua ikinyesha, uchafu huteremka mpaka ziwani. Hata yakionekana maangavu kabisa, maji ya ziwa ni ya kutiwa kloru au kuchemshwa mpaka yatokote kwa nguvu. Makala ya kuchemshia ni ghali, tunajua. Basi pitia kwa wanaotia kloru ufukoni kwa sirinji, na baada ya hapo subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye udongo yaache yatuame kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi, maana udongo hula nguvu ya kloru.

Sasa chungulia ndani ya bidoni lako. Ukiona utelezi wa kijani kwenye kuta zake, tia maji kidogo, sabuni na kokoto chache, tikisa sana, suuza. Bidoni lililowahi kubeba mafuta ya gari lisiwekwe maji ya kunywa kamwe. Bidoni la maji lifunike kwa kifuniko chake. Jani la mgomba lililosokotwa halizuii kitu. Na mimina maji kikombeni, usichovye kikombe. Mkono wa mtoto mmoja aliyetoka chooni unatosha kuharibu maji ya nyumba nzima.

Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu sabuni ikikosekana: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kula. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, kina vijidudu kama cha mtu mzima. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wapikwe waive, na chakula kilicholala kipashwe moto hadi kichemke.

Mtu akianza kuhara, usimnyime maji. Changanya lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawa na ukingo. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, macho yakiingia ndani au mgonjwa akilegea, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, mkiendelea kumnywesha njiani.