Vifaranga wa Kware na Ile Wiki ya Kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba mayai yako ya kware yalitotolewa vizuri, halafu vifaranga wakafa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili, pole sana. Unauliza kama uliuziwa mayai mabaya. Kwa ulivyonieleza, siyalaumu mayai. Nalilaumu boksi ulilowalelea.

Kwenye mashine ya kutotolesha ulifanya kila kitu sawa: nyuzi 37.5, mayai kugeuzwa hadi siku ya 14, kisha ukayaacha yatulie na kuongeza unyevu. Siku ya 17 wakatoka. Ndivyo inavyotakiwa kwa kware wa Kijapani, hawa tunaowafuga wengi. Na ulifanya vizuri kutofungua mashine kuchungulia, maana unyevu ukitoka, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga akiwa bado ndani ya ganda.

Sasa tuje kwenye maji. Umesema uliwawekea kisahani cha chai. Mdogo wangu, kifaranga wa kware ana gramu 6 hadi 8 tu! Anakimbia bila kuangalia mbele, anaingia kisahanini, analowa manyoya ya tumbo. Hata asipozama, akishalowa anapoteza joto haraka, anajikunyata pembeni, na asubuhi unamkuta amekauka. Chukua kifuniko cha chupa ya jamu, kijaze gololi au kokoto safi, kisha mimina maji yapite katikati yake. Atadonoa maji kwenye nafasi zile bila kutumbukiza mguu.

Gazeti ulilotandika nalo liondoe. Linateleza, miguu inaachana huku na huku, na kifaranga asiyeweza kusimama hafiki kwenye chakula. Tandika taulo kuukuu au kipande cha gunia kwa siku hizo za mwanzo. Maranda yaje baadaye, wakishajua chakula ni kipi.

Joto liwe nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, kisha upunguze kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Lakini kipimajoto kisikufanye usiwaangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakiikimbia taa na kuhema midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, basi waache. Umeme ukikatika usiku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa itawasitiri. Jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa, nakusihi, si kwa ajili ya kware tu bali kwa ajili yako na watoto.

Chakula cha vifaranga wa kuku peke yake hakiwatoshi. Kware wanahitaji protini ya asilimia 24 au zaidi. Kama hupati cha kware, tafuta cha vifaranga wa bata mzinga, ukisage kiwe laini, maana midomo yao ni midogo mno.

Walioko Kenya, ulizieni kwanza kibali cha shirika la wanyamapori, KWS. Na popote mlipo, msinunue mashine kubwa kwa kusikia kwamba yai la kware linatibu kila ugonjwa. Mwaka 2014 wengi walibaki na trei za mayai yasiyo na mnunuzi, na iliniuma, kwa sababu wengine walikuwa wametia akiba yao yote.

Hao wawili waliobaki, wakifika wiki ya tatu hivi watazame kifua: dume hugeuka rangi ya kahawia yenye wekundu, jike hubaki na madoadoa. Jike akilishwa vizuri huanza kutaga kwenye wiki ya sita au ya saba. Ukitotolesha tena, usiwachanganye na wadogo. Wakubwa huwakanyaga na kuwadonoa, kwa hiyo andaa boksi jingine, na taa yake iwashwe siku moja kabla vifaranga hawajatoka.