Baada ya "Nzuri": Tathmini ya Maumivu katika Uuguzi wa Kiujumla

Asubuhi wodini muuguzi humuuliza mgonjwa, "Umeamkaje, mama?" Naye hujibu, "Nimeamka salama, mwanangu." Kwa adabu ya Kiswahili, jibu hilo ndilo linalotarajiwa. Hata mwenye homa kali huanza kwa "nzuri" kabla ya kufika kwenye "ila". Tatizo hutokea pale muuguzi mwenye wagonjwa wengi anapoondoka kabla ya kuisikia hiyo "ila", kisha akaandika katika faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Salamu imehesabiwa kuwa tathmini.

Uuguzi wa kiujumla ni huduma inayozingatia kwa pamoja mwili wa mgonjwa, hisia na fikra zake, uhusiano wake na watu, na imani inayoyapa maisha yake maana. Umuhimu wake huonekana waziwazi katika tiba shufaa, yaani huduma kwa mwenye maradhi yanayotishia uhai. Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeasisi hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alianza akiwa muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Katika miaka ya 1960 alieleza kuwa maumivu ya mgonjwa wa saratani yana sehemu nne zinazoshikamana: ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Hakuyadharau maumivu ya mwili hata kidogo. Alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa kutoa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi.

Jambo hilo husahaulika. Wapo wanaouona uuguzi wa kiujumla kuwa ni upole na maneno ya faraja, yaani nyongeza ya hiari baada ya dawa kutolewa. Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya kufundishia, unaonyesha kwamba usalama wa dawa yenyewe hutegemea huduma hiyo.

Mama wa miaka 52 mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ameandikiwa mofini ya maji atakayokunywa nyumbani, miligramu 10 kila baada ya saa 4. Analazwa kwa sababu maumivu hayapoi. Akiombwa ayapime kuanzia 0 hadi 10, anasema 8. Kwa hesabu ya kawaida dozi haitoshi, na daktari anafikiria kuipandisha hadi miligramu 15. Muuguzi anayeishia kwenye namba hiyo atakuwa amefuata utaratibu, lakini bado hajui kinachoendelea.

Jioni, wakati wa kumsafisha, muuguzi wa zamu anamuuliza: "Mama, ukiwa nyumbani dawa hii unainywaje?" Majibu yanakuja polepole. Hunywa nusu ya kipimo, mara tatu kwa siku. Chupa lazima ifike mwisho wa mwezi, kwa kuwa nauli ya kurudi kliniki hutoka kwa binti yake anayeuza maandazi. Jirani alimwambia kuwa mofini hupewa mtu anayekata roho, hivyo kila kipimo kinamtisha. Hajapata choo kwa siku tano. Tena uchafu unaomtoka una harufu, na kwa ajili ya harufu hiyo ameacha kwenda kusali na wenzake. Hilo, anasema kwa sauti ya chini, ndilo linalomuuma kuliko yote.

Hapa hesabu inabadilika. Kwa maandishi, mama huyu alikuwa akitumia miligramu 60 kwa siku. Kwa kweli alitumia 15. Kama dozi mpya ingetolewa wodini kwa ukamilifu, angepokea miligramu 90 kwa siku, mara sita ya kiwango ambacho mwili wake umekizoea. Usingizi mzito na upumuaji wa taratibu ni hatari za kweli katika hali hiyo, hasa iwapo saratani imebana mirija ya mkojo na kudhoofisha figo, kwani figo ndizo zinazoondoa mabaki ya dawa hii mwilini. Majibu kuhusu nauli, jirani na sala yalikuwa taarifa za kitabibu.

Kinachofuata si kigumu. Daktari anaarifiwa kabla dozi haijapandishwa, na mgonjwa anaanza kupewa kwa saa maalumu kiwango kidogo anachoweza kukihimili, huku akiangaliwa. Dawa ya kulainisha choo inaongezwa, maana kichefuchefu na usingizi wa mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu huendelea muda wote dawa inapotumika. Metronidazo hupunguza harufu. Suala la nauli linapelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii. Kuhusu hofu, mgonjwa na ndugu zake wanaelezwa kwamba mofini hutolewa kwa kuangalia ukubwa wa maumivu, si ukaribu wa kifo, na kwamba haifai kuiacha ghafla. Kuhusu sala, muuguzi anauliza mgonjwa angependa nini. Hahubiri imani yake mwenyewe, hata akiombwa na ndugu.

Nchini Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wameruhusiwa kuandika mofini. Anayeuliza anaweza pia kutenda. Mahali ambapo muuguzi hana mamlaka hayo, uzito wa kazi yake uko katika taarifa anayompa daktari, na taarifa nyepesi humnyima mgonjwa tiba.

Katika vyuo, tatizo si kwamba mada hii haifundishwi. Mwanafunzi anaweza kuzitaja sehemu nne za maumivu kwenye karatasi ya mtihani na kupata alama zote, kisha akafika wodini akapima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, akaondoka. Maswali yenyewe ndiyo yanayopaswa kufanyiwa mazoezi kando ya kitanda, mkufunzi akisikiliza. Kipimo cha Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kinafaa kuanzia: kina maswali 10, saba kwa mgonjwa na matatu kwa ndugu anayemuuguza, na kinagusa maumivu, wasiwasi, amani ya moyo na msaada wa kupanga mambo ya mbele. Inafaa kukumbuka kwamba katika Kiswahili ndugu wa nyumbani naye "huuguza", kwa neno lile lile linalompa muuguzi jina lake. Ndiye atakayepima dawa usiku.

Wauguzi hulalamika, na kwa haki, kwamba muda hautoshi. Lakini swali lililobadilisha tiba ya mama huyu liliulizwa wakati wa kumsafisha, kazi ambayo ingefanyika kwa vyovyote. Muda uliohitajika zaidi ulikuwa wa kunyamaza na kungoja jibu, kisha kuliandika mahali ambapo zamu inayofuata italiona. Katika makabidhiano ya asubuhi, badala ya "anaendelea vizuri", mwanafunzi angesoma hivi: "Amekunywa dozi nne kamili tangu saa 12 jioni. Maumivu 4, yalikuwa 8. Anaamka akiitwa, anapumua vizuri. Choo bado. Anaomba binti yake afundishwe kupima dawa kabla hajaruhusiwa."