Bembea ya shule inalia: tuifunge?

*Nafundisha chekechea hapa Mpanda. Bembea yetu ya chuma inalia watoto wakibembea, na wiki jana mmoja alianguka. Je, tuifunge? – Mwalimu, Mpanda*

Mwalimu, pole kwa mtoto, na ndiyo, ifungeni leo. Mlio huo ni dalili: mvua za Novemba hadi Aprili huleta kutu, na msuguano hula pete ya juu inayoshika mnyororo. Mwite fundi wa kuchomelea. Pete iliyolika haizibwi, hubadilishwa.

Baadaye, kila Jumatatu kabla watoto hawajafika, pitisha kitambaa kwenye vyuma. Kikinasa, pana ncha kali. Tikisa nguzo, kaza nati. Nafasi kati ya vyuma isiwe ya sentimita 9 hadi 23, maana kichwa hunasa. Chini mwageni mchanga laini wa sentimita 30 na kuutifua mara kwa mara, kwani ardhi ya kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji.

Aliyeanguka akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akizimia, mpelekeni hospitali mara moja. Bembea kufungwa wiki moja hakumdhuru mtoto. Pete kukatika humdhuru.