Upepo ni wa Bure, Mkopo Si wa Bure

Sisi wanafunzi wa kutwa twaijua thamani ya stima. Jioni nikifika nyumbani Landless, kazi ya ziada yaningoja, na tokeni zikiisha, kitabu hufungwa. Juzi nilimwuliza mama, "Mbona stima ni ghali na upepo wa Turkana hauuzwi?" Akacheka, akaniambia nikawaulize waliokopa. Basi nikatafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana iko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Ni mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Hebu zidisha: utapata kilowati 310,250, yaani megawati 310 hivi. Mradi uligharimu zaidi ya yuro milioni 600. Mnamo Machi 2014, mikataba ya mkopo ilitiwa sahihi jijini Nairobi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliongoza kuwakusanya wakopeshaji, miongoni mwao Benki ya Uwekezaji ya Ulaya.

Je, benki humkopeshaje mtu mwenye upepo tu? Chukua mfano huu. Jirani anataka kukopa chamani anunue ng'ombe. Chama kinamwuliza, "Maziwa utamwuzia nani?" Mama anaandika karatasi kwamba atanunua lita 2 kila siku. Karatasi hiyo ndiyo inayoleta mkopo. Huko Turkana, karatasi ilikuwa mkataba wa Kenya Power kununua umeme kwa miaka 20.

Lakini karatasi ina miiba. Je, njia ya kuleta maziwa ikikatika? Ikiwa mama ndiye aliyeahidi kuitengeneza, atalipa tu, maana chama kinangoja pesa zake. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya Power ingelipia umeme isiouhitaji. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilibaki, na mfuko wake ukatoa dhamana endapo nyaya zingechelewa.

Na kweli zikachelewa! Mwaka 2017 mitambo ilikuwa imesimama, lakini nyaya za kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari. Kuzijenga lilikuwa jukumu la serikali, na kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika. Umeme ulianza kusafiri Septemba 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mradi Julai 2019. Kwa kuchelewa huko, Kenya ilidaiwa mabilioni ya shilingi. Mlipaji ni nani kama si mimi na wewe?

Tena kuna malisho. Oktoba 2021, mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikutolewa kwa kufuata sheria. Wafugaji walikuwa wamelalamika kwa miaka. Mimi ninayeishi mtaa ambao jina lake lamaanisha wasio na ardhi, siwezi kulipuuza jambo hilo.

Sisemi upepo ni mbaya, la! Haununuliwi kama mafuta, wala hauchafui hewa. Nasema hivi: kabla ya kutia sahihi, tengeneza njia ya maziwa, na umwulize mwenye malisho. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Swali kwako msomaji: ungekuwa wewe mama, ungeandika nini katika karatasi ile?