Kichwa cha Mashine ya Kuranda: Cha Duara au cha Mraba?

SOMO LA UFUNDI



Leo tutajifunza juu ya mashine ya kuranda mbao. Hatutasoma habari za mashine nzima. Tutasoma sehemu moja tu, ile inayobeba visu na kuzunguka. Mafundi wengine huiita rola. Sisi katika somo hili tutaiita kichwa cha visu. Sehemu hii si kubwa, lakini ndiyo inayofanya mbao itoke laini au itoke na mabonde. Tena ndiyo inayokata vidole vya watu. Kwa hiyo kila mwenye karakana, na kila kijana anayejifunza useremala, aijue vizuri.

Kazi ya mbao kwetu

Uwanda wa Makonde unajulikana duniani kwa vinyago vya mpingo. Lakini mpingo haupelekwi kwenye mashine ya kuranda. Mchongaji huufanyia kazi kwa tezo, patasi na msasa. Mashine ya kuranda ni ya seremala wa milango, vitanda, makabati na madawati ya shule. Yeye hutumia mninga, mkongo, mvule au msaji.

Msimu wa korosho ukiingia, kuanzia mwezi wa Oktoba, watu wa Newala, Masasi na vijiji vyake hupata fedha. Wengine hujenga nyumba. Wakijenga, wanataka milango na madirisha. Basi seremala anapata kazi nyingi kwa mkupuo, na kila mtu anataka yake iishe kwanza. Wakati kama huo ndipo mashine inapohitajiwa, na ndipo ajali nazo zinapotokea. Haraka na mashine ya visu haviendi pamoja.

Randa ya mkono na randa ya mashine

Randa ya mkono ina kisu kimoja. Fundi huisukuma juu ya mbao na kisu humenya maranda. Katika mashine mambo yamegeuzwa. Visu vimefungwa kwenye chuma kinachozunguka mahali pamoja, na mbao ndiyo inayosogea.

Mawazo haya si mageni. Huko Marekani, William Woodworth alipewa hataza ya mashine yake ya kuranda yenye visu vya kuzunguka mwezi Desemba mwaka 1828. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe bila ruhusa. Tangu hapo mashine za namna hii zilienea katika nchi nyingi. Lakini kwa miaka mingi vichwa vya mashine za kuranda vilikuwa vya mraba. Hapo ndipo tabu ilipokuwa.

Ubaya wa kichwa cha mraba

Hebu chukua kipande cha mti chenye pembe nne, mfano wa mche wa sabuni. Kizungushe mbele ya ukuta, karibu kabisa. Utaona kwamba pembe inapita karibu na ukuta, halafu ubavu bapa unapita mbali. Kati ya pembe na pembe panafunguka nafasi.

Sasa tufanye hesabu. Kichwa cha mraba ambacho pembe zake zinazunguka duara la upana wa milimita 100 kina pembe zilizo milimita 50 kutoka katikati. Lakini ubavu wake bapa uko milimita 35 tu kutoka katikati. Toa 35 katika 50, inabaki 15. Milimita 15 ni unene wa kidole cha mtu.

Umeona hatari yake? Mashine inapozunguka kwa kasi huwezi kuona nafasi hiyo. Macho yanaona kitu cha duara. Mkono ukiteleza, kidole kinaingia katika nafasi, na pembe inayofuata inakuja na kisu chake. Kisu hakigusi ngozi ya juu tu. Kinavuta kidole chini, halafu kinarudia na kurudia. Kabla mtu hajapiga kelele, vidole viwili vitatu vimekwisha kwenda.

Uzuri wa kichwa cha duara

Kichwa cha duara ni chuma kilichokerezwa kikawa kama gogo laini. Visu vimelala ndani ya mifereji myembamba, na makali yake yanachungulia nje milimita 1 hivi. Hakuna ubavu bapa, kwa hiyo hakuna nafasi ya kidole kuzama. Mkono ukiteleza, mtu ataumia, tena anaweza kupoteza ncha ya kidole. Lakini kichwa hakiwezi kuuvuta mkono mzima ndani kama kile cha mraba.

Jambo hili lilipofahamika, nchi nyingine zililitungia sheria. Uingereza, katika kanuni zake za mashine za mbao za mwaka 1922, iliamuru kwamba mashine ambayo mbao inapitishwa juu ya visu kwa mkono ni lazima iwe na kichwa cha duara. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwenye karakana awakinge wafanyakazi wake na mashine za hatari.

Wapo watakaosema, "Aa, bwana, mie nimezoea, miaka kumi sijakatwa." Mazoea hayabadilishi umbo la chuma. Nafasi ya milimita 15 ipo pale pale, kwa mzoefu na kwa mgeni.

Kisu kinashikwa na nini?

Hatari ya pili ni kisu kuchomoka. Ili kuielewa, kumbuka kombeo la kufukuzia ndege shambani. Unapozungusha kombeo, jiwe linavuta kamba. Ukizungusha zaidi, linavuta zaidi. Ukiachia, linaruka. Kisu ndani ya kichwa kiko kama jiwe lile.

Tuseme kisu kina uzito wa gramu 300, na kichwa kina upana wa milimita 100. Kichwa kikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kisu kinavuta kwenda nje kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 270 hivi. Hiyo ni zaidi ya mifuko mitano ya saruji ya kilo 50. Kasi ikiongezwa mara mbili, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Inazidi tani moja!

Kwa sababu hiyo kichwa kizuri hakitegemei boliti peke yake. Kina kabari, yaani chuma kinachobana kisu ndani ya mfereji. Mfereji wenyewe umechongwa kama mtungi: tumbo pana, mdomo mwembamba. Kabari nayo ni nene chini na nyembamba juu. Kichwa kinapozunguka, kabari inataka kutoka, lakini mdomo ni mwembamba. Kadiri inavyovutwa nje ndivyo inavyozidi kukibana kisu. Mfereji ulionyooka, wenye upana uleule juu na chini, hauna msaada huo. Boliti zikilegea tu, kisu kinaruka.

Kwa hiyo jihadhari na kichwa kilichotengenezwa kwa kuunga vyuma na kuchomelea. Kichwa kinatakiwa kitokane na chuma kimoja kizima, kikerezwe na kusawazishwa. Usibadilishe puli ili kuongeza kasi bila kujua kasi ambayo kichwa chako kimetengenezewa. Mota nyingi za mashine hizi huzunguka mara 2,900 hivi kwa dakika. Ikiwa puli ya mota ni milimita 140 na puli ya kichwa ni milimita 100, kichwa kitazunguka mara 4,060. Zidisha 2,900 kwa 140, ugawe kwa 100, utapata jibu hilo.

Uzito wa visu uwe sawa

Visu vya kichwa kimoja ni ndugu. Vinunuliwe pamoja, vinolewe pamoja, vipimwe pamoja. Ukinoa kimoja zaidi, kinakuwa chepesi, na kichwa kinaelemea upande mmoja. Kwa kichwa cha mfano wetu, tofauti ya gramu 5 tu, kama kijiko kidogo cha sukari, inaleta mvuto wa kilo 4 na nusu. Mvuto huo unazunguka mara 67 kila sekunde. Mashine inatetemeka, beringi zinakufa mapema, na mbao inatoka na mawimbi.

Hesabu ya mawimbi

Mbao iliyorandwa kwa mashine haiwi bapa kabisa. Kila kisu kikipita kinaacha kibonde kidogo. Iinamishe mbao kwenye mwanga wa jua, utaviona vibonde kama mawimbi madogo. Vikikaribiana, mbao ni laini. Vikiachana, mbao ni mbaya.

Umbali wa vibonde unapatikana hivi: chukua mwendo wa mbao kwa dakika, ugawe kwa mizunguko mara idadi ya visu.

Mfano: Mbao inakwenda mita 8 kwa dakika, yaani milimita 8,000. Kichwa kina visu 2 na kinazunguka mara 4,000. Visu vinakata mara 8,000 kwa dakika. Gawa 8,000 kwa 8,000. Jibu ni milimita 1. Hiyo ni kazi nzuri ya samani. Ukiisukuma mbao kwa mita 24 kwa dakika, vibonde vitaachana milimita 3. Tena umbali ukizidi mara mbili, kina cha vibonde kinazidi mara nne.

Lakini hesabu hii ni ya kweli kama visu vyote vimelingana urefu. Kisu kimoja kikitokeza zaidi, hicho peke yake ndicho kinachomalizia mbao. Umefunga visu viwili, faida ni ya kimoja.

Visu na aina ya mbao

Mninga hurandwa bila shida kubwa. Mvule una matatizo mawili. Nyuzi zake hupishana, nyingine zinakwenda huku na nyingine kule, kwa hiyo kisu hunyofoa vipande. Pia mara nyingine ndani yake mna vijiwe vigumu vya chokaa vinavyoharibu makali.

Kwa mbao ya namna hiyo, menya kidogo kidogo, milimita 1 au chini yake, na uipeleke polepole. Visu viwe vikali. Siku hizi vipo vichwa vyenye visu vidogo vingi vya mraba vilivyopangwa kwa mzunguko, kama ngazi inayozunguka mnara. Kila kisu kina makali manne. Upande mmoja ukiwa butu, unakigeuza. Vichwa hivyo vina kelele kidogo na hunyofoa kidogo, ila bei yake ni kubwa.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kununua mashine, au kabla ya kuanza kazi katika karakana ya mtu, fanya hivi:

1. Zima umeme na uchomoe waya. Ngoja kichwa kisimame chenyewe. Usikisimamishe kwa kipande cha mbao.

2. Kitazame kichwa kwa ubavuni. Je, ni cha duara au cha mraba? Kikiwa cha mraba, usipitishe mbao kwa mkono juu yake.

3. Angalia makali. Yasitokeze zaidi ya milimita 1 hivi.

4. Kagua kabari na boliti zote kwa spana. Boliti iliyoliwa nyuzi itupwe.

5. Pima urefu wa visu. Weka kipande cha mbao kilichonyooka juu ya meza ya nyuma, ile inayopokea mbao, kifike juu ya kichwa. Zungusha kichwa taratibu kwa kushika belti au puli, si kwa kushika visu. Kila kisu kikivute kipande umbali uleule, milimita 3 hivi, upande wa kushoto, katikati na kulia.

6. Angalia kifuniko cha usalama. Kiwepo, na kifunike sehemu ya kichwa ambayo mbao haipiti.

7. Kwa mbao fupi au nyembamba tumia kibao cha kusukumia. Usivae glavu wala shati lenye mikono mirefu inayoning'inia, maana kichwa huvidaka.

Mwenye karakana akikuambia, "Anza tu, kijana, tutakagua kesho," mjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee, nitaanza tukishakagua." Ukaguzi wote ni kazi ya nusu saa, na kidole kilichokatwa hakioti tena.

Kwa wanaotaka kujifunza zaidi, ufundi seremala hufundishwa katika vyuo vya ufundi na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Huko Ndanda, wilayani Masasi, ambako misheni ya Wabenedikto ilianzishwa mwaka 1906, kazi za karakana zina historia ndefu.

Maswali

1. Kwa nini kichwa cha mraba ni cha hatari kuliko cha duara?

2. Mfereji wa kabari umefananishwa na chombo gani? Eleza sababu.

3. Kichwa kina visu 3 na kinazunguka mara 4,000 kwa dakika. Mbao inakwenda mita 12 kwa dakika. Vibonde vitaachana milimita ngapi?

4. Nenda na mwenzako kwenye karakana iliyo karibu nanyi. Muombeni fundi azime mashine awaonyeshe kichwa. Andikeni mliyoyaona.

Jibu la swali la 3: milimita 1.